API zetu zinakaa wapi? Shajara ya mradi wa daftari kuu

Jumatatu, tunaanza

Haya wakuu, naanzisha hii shajara maana bosi kasema kila Ijumaa anataka kujua mradi umefika wapi, na mimi zile ripoti za "kichwa cha habari hapo juu chahusika" siziwezi, kwa hiyo nitakuwa natupia hapa kila kitu kilivyo na yeye atasoma hapa hapa.

Kwa ambaye hakuwepo kikaoni, chanzo ni hiki. Mtandao mmoja wa simu tunaopokea nao malipo walituandikia kwamba wanahamisha seva, IP zao (anwani za seva mtandaoni) zinabadilika, tuwape anwani zetu zote zinazopokea taarifa za malipo ili wazitesti. Swali jepesi kabisa. Timu ya mikopo wakataja mbili, timu ya michango ya vikundi wakataja moja, kaka wa mitandao akachungulia faiawoli (ukuta wa ulinzi wa mtandao) akasema "mbona mimi huku naona tano?" Ikatafutwa, zile mbili za ziada zinafanya kazi kweli, zinapokea taarifa za hela za watu kila siku, ila hakuna timu iliyosema ni zake.

Basi mradi ni huo. Daftari moja la kampuni nzima linalosema tuna API gani (API ni mlango ambao programu moja hupitia kuongea na nyingine), matoleo gani, ziko mazingira gani, anwani yake halisi ni ipi na wa kuulizwa ni nani. Kwenye karatasi inaonekana kazi ya mtu mmoja na eksel yake.

Jumanne

Asubuhi yote imeishia kwenye maneno, na sijutii. Mtu akisema "API ya marejesho" mmoja anawaza kodi ya programu iliyoko Git (ghala la kodi), mwingine anawaza ile anwani aliyoiweka kwenye app ya simu, mwingine anawaza faili la Swagger (maandishi yanayoeleza API inaitwaje na inajibu nini). Wote wako sahihi na ndiyo maana hawaelewani.

Tumekubaliana hivi. API ni huduma yenyewe, mfano marejesho ya mkopo. Toleo ni v1, v2. Maelezo ni lile faili la OpenAPI (ndilo jina jipya la Swagger), au WSDL kwa zile za kizamani. Mazingira ni mahali, kama klasta ya prodi (kundi la seva zinazohudumia wateja halisi) au seva za UAT (za watumiaji kujaribia). Na diploimenti ni toleo fulani la API fulani likiwa limekaa kwenye mazingira fulani, na lina anwani unayoweza kuiita.

Dada wa ukaguzi akauliza sasa kwa nini tusiandike API tu yaishe, hayo mengine si mbwembwe? Nikamwambia dada, API ni kama ruti ya Mbagala–Kariakoo, diploimenti ni daladala lenyewe lenye namba ya usajili. Trafiki hasimamishi ruti. Akacheka, ila kuanzia hapo kila akiuliza anauliza "na magari yake mangapi?"

Na huu ndio msimamo wangu kwenye mradi mzima, mtanisikia nikiurudia mpaka mchoke: orodha ya majina ya API peke yake haina kazi. Kinachodukuliwa, kinachozima usiku, kinachoisha cheti, ni diploimenti. Daftari lisilojua anwani ni orodha ya matamanio.

Alhamisi, kuwinda

Sijamuuliza mtu yeyote leo, na nimefanya makusudi. Ukianza na kuuliza watu unapata kile wanachokumbuka, na wanachokumbuka ni kile walichokigusa mwezi huu. Nimeanza na mashine.

Seva za nginx zote (programu inayopokea maombi na kuyaelekeza), amri ya `nginx -T` inamwaga konfigi nzima pamoja na mafaili yote yaliyoitwa ndani yake, unachuja `server_name` na `location`. Klasta, `kubectl get ingress -A`, inaorodhesha milango yake ya kuingilia (ingress). Zoni ya DNS nzima (orodha ya majina yetu ya mtandaoni) kutoka kwa kaka wa mitandao. Sheria za faiawoli za kuingia. Halafu ripo (maghala) zote za Git nikatafuta mafaili yenye `openapi:` au `swagger:` mwanzoni.

Na kuna hii ambayo wengi hawaijui: logi za uwazi za vyeti. Karibu kila cheti cha TLS (kile kinachothibitisha tovuti ni yenyewe) kinachotolewa na mamlaka inayoaminiwa na brauza kinaandikwa kwenye logi za hadharani, unaingia crt.sh unaandika domeni ya kampuni na unaona majina yaliyowahi kutolewa cheti. Yaani mtu yeyote duniani anaweza kuona kwamba uliwahi kuwa na `test-mikopo2` hata kama hujawahi kumwambia mtu. Udhaifu wake ni mmoja, ukitumia cheti cha nyota kinachofunika sabudomeni zote, majina ya ndani hayaonekani. Kwetu tunavyo vyote viwili, kwa hiyo crt.sh imenipa nusu ya picha, na nusu yenyewe imenitosha kukosa hamu ya chakula cha mchana.

Ile `test-mikopo2` bado iko hewani. Inajibu. Na data yake ni nakala ya prodi ya zamani, majina, simu, namba za NIDA (kitambulisho cha taifa). Namba ya NIDA ina tarakimu 20 na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo hata ukisema umeficha safu ya umri hujaficha kitu. Nimempigia mkuu wa miundombinu hapo hapo, imefungwa kwa nje ndani ya saa moja. Hatujaifuta kwanza, maana tunataka logi zake.

Ijumaa, majibu kwa bosi

Bosi kauliza kama hii kitu ni ya kweli au ni sisi watu wa IT tunajitafutia kazi. Swali halali, jibu langu ni hili.

Optus, kampuni ya simu ya Australia, Septemba 2022 waliibiwa taarifa za wateja zaidi ya milioni 9. Mamlaka ya mawasiliano ya huko, ACMA, baadaye ikawapeleka mahakamani, na maelezo yake kwenye ile kesi ukiyasoma utadhani wanatuzungumzia sisi. Kosa la kodi la 2018 lilivunja ulinzi wa API. Mwaka 2021 Optus wakaliona na wakalirekebisha kwenye domeni yao kuu. Ila API hiyo hiyo ilikuwa inafikika pia kupitia domeni nyingine iliyolala tu, haitumiki, na imeangalia intaneti. Hiyo haikuguswa. Kwa hiyo walijua kosa, walikuwa na dawa, na wakaipaka mguu mmoja. API moja, diploimenti mbili, kumbukumbu moja.

OWASP, taasisi ya usalama wa programu, nao wana orodha yao ya hatari 10 za API, toleo la 2023, na namba tisa ni hili hili la kutojua una API gani na ziko wapi. Wanataja hadi haya ya mazingira ya testi yenye data halisi.

Na hapa nyumbani Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ipo. Siku wakija kuuliza taarifa za mwanachama wa kikundi zinapita njia zipi, hatuwezi kuwapa jibu la "ngoja tumuulize jamaa mmoja aliacha kazi mwaka jana".

Bosi kasoma, kajibu "sawa, endeleeni". Mwenye kumjua anajua hiyo ni hotuba.

Wiki iliyofuata, kuchagua chombo

Hapa pamekuwa na ubishi mtamu. Madevelopa walitaka Backstage, ile portali ya Spotify ya kuorodhesha huduma, waliifungua kwa umma 2020 na mwaka huo huo ikaingia CNCF, taasisi inayolea programu huria. Uzuri wake unaweka faili la `catalog-info.yaml` ndani ya ripo, mmiliki anaandikwa pale pale karibu na kodi, na portali inavutia macho. Ila ukiichukua ilivyo, ina aina za vitu kama Component, API, Resource, System, haina kitu kinachoitwa mazingira wala diploimenti. Unaweza kuongeza aina zako mwenyewe, ila sasa ushakuwa mtunza Backstage badala ya mtunza daftari, na sisi tuko wachache.

Mimi nilisimama na Azure API Center, daftari la API lililoko kwenye Azure (wingu la Microsoft), na si kwa mapenzi na Microsoft, ni kwa sababu muundo wake ndio huu tuliokubaliana Jumanne: API, toleo, maelezo, mazingira, diploimenti. Na haikulazimishi API yako iwe inakaa Azure, unaweza kusajili kitu kilichoko kwenye seva ya chumbani Mwanza na ikakubali. Aina za API inazozijua ni pamoja na REST, SOAP, GraphQL, gRPC na webhuku (mitindo tofauti ya kujenga API). Kuna mpango wa bure wenye mipaka, wa kujaribia unatosha.

Mkuu wa miundombinu yeye alikuwa na hoja moja tu nayo ni nzito: "Siku tukihama huko tunatoka na nini?" Kwa hiyo tumefanya hivi, ukweli unakaa kwenye mafaili ya maandishi ya YAML ndani ya ripo moja ya Git, na skripti ndiyo inasukuma kwenda API Center. Tukihama tunahama na ripo yetu. Madevelopa wakaridhika kwa sababu ni Git, mkuu akaridhika kwa sababu ni mafaili, mimi nikaridhika kwa sababu kubishana kumeisha.

Siku mbili tatu baadaye, faili la OpenAPI linadanganya

API Center ina amri ya kusajili API moja kwa moja kutoka kwenye faili la OpenAPI, `az apic api register`, unaipa faili na yenyewe inachukua jina, toleo na maelezo. Raha sana. Ila mambo ya anwani usiyaamini hata kidogo. OpenAPI 3 ina sehemu ya `servers`, ile Swagger 2.0 ya zamani inatumia `host` na `basePath`, na karibu kila faili nililofungua kwetu pale pameandikwa `localhost:8080`. Ni kweli, kwenye laptopu ya aliyeandika.

Kwa hiyo maelezo tunachukua kwenye faili, anwani tunachukua kwenye nginx na ingress. Mashine inajua inakaa wapi kuliko inavyojua karatasi yake.

Mazingira ni mangapi kwani?

Nilidhani hapa ni dakika kumi. Prodi, stejingi (mazoezi ya mwisho kabla ya prodi), testi, dev, kwisha. Kumbe tuna UAT ambayo timu ya mikopo wanaiita stejingi, tuna stejingi ambayo wengine wanaiita "prodi ndogo" (ina tokeni, yaani funguo za kuingilia, za prodi ndani, hilo tumelifungulia tiketi yake ya pekee), na tuna seva za Dodoma za dharura ambazo mmoja anasema ni prodi na mwingine anasema ni bekapu tu.

Tumetafuta kipimo badala ya majina. Mazingira ni mahali penye mtandao wake, data yake na funguo zake. Vikichangia kimojawapo na pengine basi tunaandika wazi vinachangia nini. Kwa kipimo hicho Dodoma ni mazingira ya prodi kamili, maana ina data hai, na jina la "bekapu" lilikuwa linaifanya isipigwe pachi (marekebisho ya usalama) kwa wakati. UAT na stejingi ya mikopo ni kitu kimoja, jina limebaki UAT, aliyenuna atapoa.

Halafu likaja swali la API za wengine. Mfano wateja wetu wachache wa Kenya wanalipa kwa M-Pesa ya Safaricom kupitia Daraja, API yake. Kule sandiboksi (ya kujaribia) ni `sandbox.safaricom.co.ke` na prodi ni `api.safaricom.co.ke`, mazingira mawili ambayo si yetu ila tunayategemea. Tuyaandike? Nimesema ndiyo, kwa alama ya "ya nje", kwa sababu ukiwa unahamisha kitu unahitaji kujua kinamuita nani.

Na kubwa zaidi ni zile anwani ambazo *sisi* tumewapa wao. Kwenye Daraja, malipo ya mteja kwenda kwa biashara unasajili anwani mbili, ya kuhakiki na ya kuthibitisha, na ukishazisajili prodi huwezi kuzibadilisha kwa kuita tena hivi hivi, kuna utaratibu wake. Maana yake hiyo anwani ni diploimenti yenye ndoa. Tumeongeza safu kwenye daftari inaitwa "imesajiliwa kwa nani". Zile mbili zisizo na mwenyewe za siku ya kwanza zilikuwa za namna hii hii, kolubeki (anwani ambazo mshirika anaziita kutupa taarifa) zilizosajiliwa upande wa mshirika na timu iliyokuja kuvunjwa.

Mmiliki

Safu iliyogombaniwa kuliko zote. Watu walitaka kuandika majina yao, nikakataa. Mtu anahama, anaumwa, anapata kazi nzuri zaidi (nyingi tu siku hizi). Mmiliki ni timu, na timu lazima iwe na simu ya zamu inayopokelewa. Ukiandika "IT" nakurudishia, IT ni jengo zima.

API Center inakuruhusu kutengeneza safu zako na kusema ipi ni ya lazima. Za lazima kwetu: timu, aina ya data inayopita (hela, taarifa binafsi, au vyote, au hakuna), inaonekana intaneti au ndani tu, na funguo zake zinatunzwa wapi. Narudia, *zinatunzwa wapi*, siyo funguo zenyewe. Kuna mmoja kaniletea faili lenye pasiwedi ndani, ile PR (ombi la kuingiza mabadiliko kwenye ripo) nimeifunga kabla haijapoa na pasiwedi imebadilishwa.

Nani alione daftari? Kaka wa usalama alitaka lifungwe, anasema hii ni ramani ya kumpa mwizi. Hoja yake naielewa, ila daftari lisiloonekana na madevelopa ndilo linalofanya watu watengeneze API ya nne ya kucheki salio kwa sababu hawakujua kuna tatu. Muafaka: wafanyakazi wote wanaona majina, maelezo na timu, anwani za ndani na mahali pa funguo wanaona wachache.

Kulifanya lijiandike lenyewe

Sasa hii ndiyo sehemu niliyokuwa naisubiri. Daftari la kuandikwa kwa mkono linakufa, hata liwe zuri vipi, kwa sababu siku ya kudiploi saa mbili usiku hakuna binadamu atakayekumbuka kwenda kujaza fomu. Kwa hiyo tumelifunga kwenye paipulaini (mtambo unaopeleka kodi kwenye seva). Hatua ya mwisho ya kila diploi inaita skripti, skripti inaangalia hii API ina faili kwenye ripo ya daftari, ina timu, ina aina ya data, halafu inasajili diploimenti na anwani yake na toleo lake.

Kisipokuwepo? Mwanzo niliweka inagoma kote. Kelele zilizopigwa kwenye grupu la WhatsApp sitazinukuu hapa. Tumelegeza, dev na UAT inatoa onyo tu, prodi inagoma. Na wakati wa dharura mkuu wa zamu anaweza kupitisha, ila jina lake linabaki pale na tiketi inafunguka yenyewe. Naona ni haki.

Upande wa pili, kila usiku skripti nyingine inasoma ingress na nginx na zoni ya DNS na kulinganisha na daftari. Kilichopo hewani na hakimo daftarini kinatajwa asubuhi kwenye chaneli, kilichomo daftarini na hakijibu kinatajwa pia. Hiyo ya pili watu huisahau, ila mzimu ulioko kwenye orodha unapoteza muda wa watu sawasawa na mzimu ulioko kwenye seva.

Kufunga za zamani

Tunayo huduma moja ya SOAP, ina WSDL yake, iko kwenye seva ya Windows chini ya meza tawi moja. Logi zinaonyesha haijaitwa. Kijana mmoja akasema kaka si tuizime tu? Nikamuuliza logi zinarudi nyuma hadi lini. Mbele yake kuna nginx ya Ubuntu, na nginx ya Ubuntu ukiiacha ilivyokuja inazungusha logi kila siku na kubakiza 14. Kitu kinachoitwa mara moja kwa mwezi hapo hukioni. Nikampigia mhasibu wa tawi, shikamoo mama, hii kitu mnaitumia? "Marahaba mwanangu, hiyo si ndiyo tunafungia nayo mwezi?" Basi.

Kwa hiyo utaratibu wa kufunga umekuwa huu: logi zikae angalau miezi mitatu kabla ya kusema kitu hakitumiki, halafu majibu yote yanabeba heda (maelezo ya juu ya jibu) ya `Sunset` yenye tarehe ya kuzima (iko kwenye RFC 8594, waraka wa kiufundi wa intaneti wa 2019), ingawa nakubali programu nyingi hazisomi hiyo heda, inasomwa na binadamu anayechimba tatizo. Kisha tunazima kwa muda mfupi mchana wa katikati ya mwezi, watu wakiwa kazini, tuone nani analalamika. Kamwe si mwisho wa mwezi, kamwe si Ijumaa. Hatua ya maisha inabadilishwa daftarini kila mara: prodi, imepitwa na wakati, imestaafu. Ile `test-mikopo2` ndiyo ya kwanza kuandikwa imestaafu, data imefutwa na dada wa ukaguzi kasaini.

Tulipo sasa

Prodi yote ya klasta imo na inajisajili yenyewe. Yule mshirika wa mtandao wa simu kapewa orodha ya anwani tano, kila moja na timu yake, na testi za IP mpya zimepita. Zile mbili zilizokuwa hazina mwenyewe zimechukuliwa na timu ya michango, kwa kununa kidogo.

Bado: seva za matawi ambazo hazipiti kwenye paipulaini, hizo inabidi twende tukazione kwa macho, Mwanza kwanza. Bado pia sheria za ubora wa mafaili ya OpenAPI, API Center inatumia Spectral, chombo cha kukagua mafaili hayo, tumeiwasha na imetoa maonyo mengi mpaka tumeizima hadi tukubaliane sheria zipi tunazitaka kweli. Na hiyo SOAP ya chini ya meza, timu ya mikopo wamesema wataandika mbadala wake robo ijayo. Nimewaambia tarehe waiweke wenyewe kwenye faili, PR iko wazi, inasubiri mtu wao abonyeze.